Shajara ya mradi: kutoka afisa mikopo kwenda unesi, nikiwa Tanga

Naandika kwa ajili ya mtu mzima mwenye kazi yake, hasa aliyesoma arts, anayetaka kuhamia unesi na hajui aanzie wapi. Kila hatua ikiisha naongeza hapa chini. Gharama ni zile zilizotoka mfukoni kwangu, mwaka wako zinaweza kuwa zimepanda.

14 Januari 2023: hali ilivyo

Miaka 33, mtoto mmoja, nakaa Mikanjuni. Digrii ya maendeleo ya jamii, na toka nimalize chuo nafanya mikopo ya vikundi, Ngamiani kuanzia barabara ya kwanza mpaka ya ishirini na moja kina mama wananijua, wengine wakiniona tu wanazama ndani. Sina hadithi ya wito toka utotoni. Nilimuuguza bi mkubwa wodini mwaka juzi nikajikuta naweza kukaa na wagonjwa usiku kucha asubuhi bado nina nguvu, wakati kudai rejesho dakika kumi tu kunanimaliza siku nzima.

Vyeti vyangu, maana ndo kila kitu kwenye mradi huu. Kidato cha nne 2006: Baiolojia C, Kiingereza C, Kemia D, Fizikia F, Hesabu F. Kidato cha sita HGE (Historia, Jiografia, Uchumi). Wazo langu ni digrii ya nursing moja kwa moja, kwani si nina digrii tayari?

5 Februari 2023: mpango wa YouTube umekufa

Wiki kadhaa nilikuwa naangalia video za watu waliobadilisha kazi kuwa manesi, karibu zote za Marekani. Kule mwenye digrii ya kitu kingine anaweza kusoma programu ya haraka, miezi 12 hadi 18, mradi awe amemaliza masomo ya awali kama anatomia, fiziolojia na mikrobiolojia, halafu anapiga mtihani wa NCLEX-RN anapata leseni. Uingereza nao wana masters ya miaka miwili kwa mtu kama huyo. Ushauri wao wa kuchagua chuo ni mzuri, wanasema angalia ithibati, angalia asilimia ya wanaofaulu mtihani wa leseni, uliza wanafunzi wanafanyia wapi mazoezi ya wodini. Nikaandika yote kwenye daftari kama mtu mwenye akili.

Halafu nikafungua kitabu cha mwongozo cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), kile cha udahili. BSc Nursing, yaani digrii ya unesi, ni miaka 4, iwe MUHAS pale Upanga, iwe UDOM, iwe Bugando Mwanza. Milango niliyoiona ni miwili: uje na kidato cha sita cha sayansi chenye Kemia na Baiolojia, au uje na diploma ya unesi. Digrii yangu ya maendeleo ya jamii hainipunguzii hata semista moja. Nimeirudia ile kurasa mara nyingi kama mtu anayesoma barua ya kuachishwa kazi.

Shemeji yangu mmoja kanishauri nisome masters ya usimamizi wa afya, "si afya hiyo hiyo?" Nimeifikiria kweli, ni fupi na digrii yangu inakubalika. Ila mwisho wake ni ofisi nyingine na makaratasi mengine, mgonjwa simuoni. Hapana.

19 Februari 2023: elfu arobaini ya dalali

Kwenye grupu la WhatsApp kuna tangazo la chuo kimoja binafsi, mkoa mwingine: "Nursing kwa wenye digrii, miaka miwili, hata kama sayansi hukufaulu, nafasi chache." Nikampigia. Jamaa ana maneno matamu, ananiita "dada nesi" kabla sijajisajili. Fomu elfu arobaini, natuma kwa simu, fomu inakuja ni PDF yenye muhuri umeinama.

Kilichonishtua ni namba ya usajili, haipo. Nikaingia kwenye orodha ya vyuo ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, chuo kipo kweli, kimesajiliwa kweli, ila kozi zake ni nyingine kabisa, nursing haimo. Hapo ndo wengi wanaliwa, maana ukiuliza "chuo kimesajiliwa?" jibu ni ndiyo. Uliza kozi hiyo hiyo unayoitaka kama imesajiliwa, kwa jina lake na ngazi yake. Na kwa unesi kuna mlango wa pili, Baraza la Uuguzi na Ukunga, yaani TNMC, hao ndo wenye mtihani wa leseni na rejista. Ukimaliza pasipotambulika na baraza una cheti cha kuning'iniza sebuleni.

Pesa haijarudi, na jamaa simu hapokei tena.

26 Februari 2023: njia mbili kwenye karatasi

Nimekaa na baba watoto tumehesabu kwa miaka, ada baadaye.

Njia A, digrii moja kwa moja. Nirisiti, yaani nirudie mtihani wa, Fizikia na Kemia za kidato cha nne, kisha PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) ya kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, miaka kama miwili hivi kwa mtu anayefanya kazi, halafu BSc miaka 4, halafu intenshipu mwaka 1 ndo usajiliwe. Mambo yakienda vizuri ni 2031, nina miaka 41.

Njia B, diploma kwanza. Sifa ya kuingia diploma ya uuguzi na ukunga ni D nne za kidato cha nne masomo yasiyo ya dini, na ndani yake lazima kuwe na Kemia, Baiolojia na Fizikia. Mimi nadaiwa Fizikia tu. Miaka 3, NTA level 4 mpaka 6 (ngazi za vyuo vya ufundi), mtihani wa baraza, leseni. Nikianza 2024 namaliza 2027 na miaka 37, naajirika kama Afisa Muuguzi Msaidizi, halafu digrii naifuata nikiwa tayari nesi ninayelipwa.

Kilichoamua ni umri. Matangazo ya ajira serikalini yanataka mwombaji asizidi miaka 45. Njia A inaniachia miaka minne ya kusubiri nafasi, na mnajua nafasi zinavyosubiriwa. Mkopo wa bodi nao sikuuweka kwenye hesabu, mwisho wao wa umri ni 35 na mimi nilishakula mkopo wa digrii ya kwanza, makato ya 15% ya mshahara nimeyamaliza juzi juzi tu.

Kwa mwenye miaka 22 na PCB yake mkononi, Njia A haina mjadala, nenda.

Tumechukua B. Nimejisajili kurisiti Fizikia, mtihani Novemba, 50,000.

12 Machi 2023: somo lililosahaulika

Hii ndo sehemu muhimu kuliko zote kwenye shajara hii kwahiyo naiandika kwa kirefu.

Kwa kuwa nia yangu bado ni digrii, nikarudi kwenye kitabu cha TCU nione huko mbele mwenye diploma ya unesi anadaiwa nini. GPA, yaani wastani wa ufaulu, kima cha chini 3.0, sawa, vyuo vingine vinapandisha juu ya hapo. Lakini pembeni kuna sentensi ndogo: pamoja na diploma, kuna vyuo vinataka D ya kidato cha nne kwenye Hesabu, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. HESABU. Diploma yenyewe haikuniuliza Hesabu, wanasema tu ukiwa nayo ni faida ya ziada. Maana yake ningeingia diploma vizuri, nimalize vizuri, nifanye kazi, halafu nikiwa na miaka 40 naomba digrii naambiwa rudi ukarisiti Hesabu ya kidato cha nne, na mwanangu wakati huo naye ndo anaikaribia, tungekaa darasa moja.

Usajili wa kawaida ulishafungwa mwisho wa Februari, ila kulikuwa bado na kipindi cha faini. Mkuu wa kituo cha mtihani akanirekebishia nikaongeza Hesabu, 15,000 ikaondoka.

Kwahiyo ukiwa na nia ya digrii, hata kama unaanzia chini, anza kusoma masharti ya digrii ndo ushuke kwenye diploma. Mimi nilianza chini nikapanda, na kilichoniokoa ni tarehe.

Juni 2023: zahanati

Kabla sijamwaga pesa zaidi nilitaka nione kazi yenyewe, siyo ile ya kuuguza mama yako. Nikaomba ruhusa kwa mganga mfawidhi wa zahanati moja maeneo ya Pongwe, Jumamosi nikae kliniki ya mama na mtoto nisaidie kuita majina na kupanga kadi, bila kugusa mgonjwa. Akakubali kwa masharti: kinachosikika mle ndani kinabaki mle ndani.

Nesi wa pale ni mama mtu mzima, anakaribia kustaafu. Kitu cha kwanza akifika, hata kanga hajavua, anafungua friji la chanjo anasoma kipimajoto, anaandika kwenye chati iliyobandikwa mlangoni. Lazima iwe kati ya nyuzi 2 na 8. Jioni tena. Siku moja umeme ulikatika tukakuta mshale unachungulia 8, akafunga friji, akakataza mtu yeyote asilifungue, akapiga simu wilayani, na kina mama wako nje na watoto mgongoni wanaanza kununa. Mimi ningekuwa nimeshafungua mara tatu kuangalia. Yeye akatoka nje akawaambia ukweli, kwamba chanjo ikipata joto inaweza isimlinde mtoto na kwa macho huwezi kuiona imeharibika, kwahiyo anasubiri jibu kutoka wilayani. Wakakaa.

Watoto wa wiki 6, 10 na 14 wanakuja kwa sindano ya paja, na kwenye ile shughuli yote mikono yake ina mpangilio mmoja, kadi kwanza, umri, jina, chanjo, tarehe ya kuisha, ndo sindano. Nimemuuliza hachoki kurudia, akaniambia, "Mwanangu, siku utakayoruka moja ndo hiyo hiyo itakayokuwa na shida."

Ubaya pia niuseme. Kusimama toka saa moja na nusu mpaka saa nane, choo cha kusubiria, mama mmoja katutukana wote kwa sababu ya foleni. Mshahara anaoutaja hauzidi sana wangu. Nimerudi nyumbani nimevimba miguu na bado nataka.

Agosti 2023: Hesabu

Tuisheni naenda jioni, Fizikia na Hesabu 40,000 kwa mwezi, darasa limejaa watoto wa miaka 18 wananiamkia shikamoo. Fizikia inaenda, mwalimu anajua kueleza. Shida ilikuwa maswali ya majaribio ya maabara, huwezi kujibu kuhusu kifaa ambacho hujawahi kukishika, picha ya kitabuni haisaidii. Tukachangishana watu wachache tukapata sekondari moja ya kutufungulia maabara wikiendi, kwangu ilitoka 60,000 yote kwa yote. Pendulamu, lenzi, waya wa umeme na ammita, basi.

Hesabu ndo ilinitesa, siyo ugumu, uoga. Mtu natembea na riba za vikundi kichwani halafu nikiona neno "logarithimu" jasho. Kilichonifungua ni yule mama wa zahanati. Jumamosi moja kanitupia swali: dripu ya lita moja, iishe ndani ya masaa nane, mpira unatoa matone 20 kwa mililita, matone mangapi kwa dakika? Nikaduwaa. Akanipa kalamu. Elfu moja mara 20 ni matone elfu ishirini. Masaa nane ni dakika 480. Gawanya, 41 na kitu, unaweka 42. Halafu akanionyesha saa yake ya mkononi yenye mshale wa sekunde, "huku unahesabu matone, huku unaangalia mshale". Nilipoona hesabu ina mgonjwa mwishoni mwake nikaanza kuzipiga kama marejesho.

Novemba 2023: pepa

Nimefanya. Mvua za El Nino zilikuwa zinapiga, siku ya Fizikia nimefika kituoni nimelowa mpaka mapajani. Likizo ya kazini yote imeishia hapa.

28 Januari 2024: matokeo

Fizikia D. Hesabu C! D inaanzia alama 30 kwahiyo ile ya Fizikia sijui niliponea wapi, lakini D ni D, kwa diploma inatosha. Kemia nayo ile ya zamani D inatosha, sikuirudia.

Mei 2024: jina

Maombi ya diploma za afya yanapita NACTVET, wakati wa dirisha. Nimeanza kujaza, tatizo limekuja kwenye majina. Cheti cha 2006 kina herufi mbili za "a" katikati ya jina langu, NIDA ina moja, na cheti cha kuzaliwa kina jina la babu ambalo vyeti vya shule havina. Kazini miaka yote hakuna aliyeuliza.

NECTA, baraza la mitihani, hawabadilishi jina kwenye cheti kilichokwishatoka, nilishaambiwa nisipoteze nauli. Wakili mjini kanifanyia hati ya kiapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, 30,000, na hiyo naiambatanisha kila mahali. Kama unaanza leo, weka vyeti vyako vyote mezani sambamba na kitambulisho cha NIDA uvisome herufi kwa herufi kabla ya kitu kingine chochote, siyo dirisha likiwa limeshafunguliwa kama mimi.

Matumizi mpaka hapa: usajili na faini 65,000, tuisheni miezi minane 320,000, maabara 60,000, vitabu 45,000, wakili 30,000, na dalali wangu mpendwa 40,000. Laki tano na sitini.

Julai 2024: kuchagua chuo cha diploma

Vyuo vya afya hatujakosa mkoani, mjini, Muheza, Korogwe. Ada kwenye mwongozo, vya serikali ni milioni moja na laki moja na kitu, binafsi vinaanzia milioni moja na nusu kwenda juu, na michango midogo midogo ambayo haiko kwenye tangazo. Nilivyovitembelea sikuingia ofisini kwanza, nilikaa kwa mama ntilie wa getini nikanywa chai na wanafunzi. Maswali yangu: mnaenda wodi gani na mara ngapi, mkiwa wodini mnakuwa wangapi kwenye shifti moja, mwalimu anakuja wodini au mnaachiwa, wangapi mwaka jana walipita mtihani wa baraza mara ya kwanza.

Chuo kimoja kizuri kwa majengo, vigae vinateleza, wanafunzi wakaniambia wodini wanajazana mpaka sindano moja inashangiliwa kama goli. Kingine paa limechoka ila mwalimu yuko nao wodini asubuhi na kila mtu anasainiwa kitabu chake cha ujuzi baada ya kufanya kweli. Niliweka hicho cha paa lililochoka namba moja.

Swali la kuendelea na kazi jioni nilishalijibu, haiwezekani. Roteshini za wodini zina shifti za usiku. Nimeandika barua ya kuacha kazi, na hisa zangu za kikoba zikigawanywa Desemba zinaingia ada ya muhula wa pili.

Septemba 2024: raundi ya kwanza nimekosa

Chaguo la kwanza sikupata, walijaa. Kulia sikulia ila wali siku hiyo niliunguza. Raundi ya pili ikafunguliwa, nikaomba tena, safari hii nikaweka na machaguo mengine ya mbali. Nimepata chuo ndani ya mkoa, siyo kile nilichokitaka, ila mwalimu wa wodini wanaye, niliuliza.

3 Novemba 2024: ndani

Nimeanza NTA level 4. Anatomia, misingi ya uuguzi, kuzuia maambukizi. Darasani mimi ndo mkubwa baada ya baba mmoja aliyekuwa fundi seremala, tumeshakuwa marafiki, yeye anatandika kitanda cha wodi kona zimenyooka kama kapiga randa.

Manunuzi ya kuingia, mbali na ada: bima ya mwanafunzi NHIF 50,400, sare mbili na viatu 95,000, mashine ya presha na stetoskopu 110,000 (usinunue ya bei chee, ya kwanza ilinipa presha tatu tofauti kwa mtu mmoja), saa ya mshale wa sekunde 15,000. Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu miezi sita toka ya kwanza, kwahiyo anza mapema, usisubiri mpaka wakupangie wodi. Mimi nimechoma ya kwanza Oktoba.

Kuhusu digrii, nimebandika ukutani GPA 3.5, siyo 3.0, kwa sababu kitabu cha TCU kinatoka kila mwaka na kufikia 2027 sijui watakuwa wameandika nini.

Zinazofuata: dozi ya pili, mtihani wa muhula, na kutafuta mtu wa kumpeleka mtoto shule, maana wodini natakiwa niwe nimefika saa moja na nusu na bajaji ya Mikanjuni hainihakikishii hilo. Nikimaliza muhula naongeza.